Nani Anamwona Mtoto wa Mlevi? Uhakiki wa Vitabu Teule na Funzo kwa Mwalimu

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, fungua mwongozo wowote wa kitabu teule ulio nao mezani utafute maudhui ya ulevi. Utapata athari zake zimeorodheshwa kwa nambari: ulevi unavunja ndoa, unafuja mali, unaleta fedheha, unamfutisha mtu kazi. Kisha mtafute mtoto wa mlevi huyo. Aghalabu utampata katika nusu ya sentensi, ametajwa kama ushahidi wa uovu wa babaye. Mlevi amechambuliwa sifa na umuhimu, mkewe pia. Mtoto amepitwa.

Makala haya yanadai kwamba kupitwa huko ni kasoro ya uhakiki, na pia ni kasoro ya malezi. Ni kasoro ya uhakiki kwa sababu vitabu vyenyewe mara nyingi vinampa mtoto huyo nafasi kubwa kuliko tunavyomwonesha darasani. Ni kasoro ya malezi kwa sababu mtoto wa mlevi, au wa mzazi anayeugua maradhi ya akili, hayumo kitabuni peke yake. Yumo darasani, ameketi mbele yako, anasikiliza namna unavyomzungumzia mzazi anayefanana na wake.

Nililijua jambo hili kwa kosa langu mwenyewe. Katika muongo wa 2010, tukisoma Kidagaa Kimemwozea, niliigiza mwendo wa Mwalimu Majisifu mbele ya darasa. Nilipepesuka, nikatafuna maneno, nikaegemea ubao. Wanafunzi walivunjika mbavu. Mvulana mmoja aliyeketi karibu na dirisha hakucheka. Aliinamia daftari lake hadi kengele ikalia. Wiki mbili baadaye nilisahihisha insha yake ya methali, siri ya mtungi aijuaye kata. Alisimulia kisa cha mtoto anayelala na viatu miguuni kwa sababu hajui usiku huo atakimbilia kwa jirani yupi. Nilimtuza alama kumi na saba kwa ishirini, nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ubunifu mzuri."

Haukuwa ubunifu. Nilielezwa ukweli muhula uliofuata na mwalimu wa ushauri nasaha, baada ya mimi kulalamika kwamba kijana yule hukosa masomo kila mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ndipo baba alipopata mshahara. Mtoto alibaki nyumbani kumlinda mama na wadogo zake.

Tangu wakati huo nimekuwa nikivisoma vitabu vyetu upya, nikiuliza swali moja katika kila nyumba yenye chupa au yenye maradhi ya akili: mtoto yuko wapi, na anafanya nini?

Mlevi kama kichekesho

Tuanze na Majisifu huyo huyo. Katika riwaya hii ya Ken Walibora, Majisifu ni mwalimu, ni nduguye Mtemi Nasaba Bora, ana jina la mwandishi ambalo halikutokana na jasho lake, na ni mlevi. Ni rahisi kumcheka. Ufundi wa Walibora katika kejeli unatualika tucheke, na kicheko hicho kina kazi yake ya kuwavua nguo watu wenye vyeo.

Hata hivyo, mwandishi hakuishia kwenye kicheko. Ametuingiza nyumbani kwa Majisifu, na nyumba njema si mlango. Mna watoto walemavu wanaohitaji huduma mchana na usiku. Mna Dora, mama aliyechoka. Mna baba ambaye akiwepo hana msaada, na asipokuwepo hana habari. Katika nyumba hiyo anaingia Imani, kijana aliyeajiriwa kazi ya nyumbani, ambaye naye amebeba majeraha yake. Huyu ndiye anayewahudumia watoto wale kwa upendo na kuwaona kuwa watu.

Ukimfundisha Majisifu bila Imani, umefundisha nusu ya hoja. Wanafunzi wetu huandika kwamba Imani ni mwenye utu na mwenye bidii, nasi tunatia alama. Tungeuliza zaidi: kwa nini mwandishi ameuweka utu huo katika nyumba hiyo hasa? Nionavyo, Walibora anatuonesha kwamba mzazi anapolemewa, mtoto huweza kushikiliwa na mtu mzima mwingine aliye imara, hata akiwa si wa damu. Wataalamu wa malezi wamelisisitiza jambo hili kwa muda mrefu. Mtoto wa nyumba yenye ulevi au maradhi ya akili akipata mtu mmoja wa kutegemewa, awe shangazi, jirani au mwalimu, nafasi yake ya kukua salama huongezeka sana.

Lawama yangu kwa riwaya hii ni moja. Watoto wa Majisifu wanahudumiwa kuliko wanavyosikika. Tunajua wanavyowatatiza wazazi wao. Hatujui vya kutosha wanavyouona ulevi wa baba. Pengo hilo ni la mwandishi, lakini mwalimu anaweza kulijaza kwa swali.

Mlevi kama mshtakiwa

Mtoto anasikika kwa sauti kubwa katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa 1971 na ambayo wakati mmoja ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Kwetu Kenya wengi wameisoma vyuoni, na inafaa kila mwalimu wa fasihi airudie. Zakaria wa Ukerewe ni mlevi aliyewahi kuwa mwalimu. Regina, mkewe, ndiye anayejitahidi ili nyumba isimame. Rosa ni binti yao mkubwa.

Marufuku ile ilitokana na namna riwaya ilivyoanika mambo ya ngono, na wahakiki wengi wamekwama hapo hapo: Rosa aliharibika, ama kwa malezi makali ama kwa uhuru wa ghafla. Mimi naomba tuutazame mkanganyiko ambao Rosa analelewa ndani yake. Baba asiyeweza kujidhibiti mbele ya pombe ndiye anayedhibiti kila hatua ya bintiye. Barua ya mvulana inapomfikia Rosa, kipigo kinatoka kwa mkono wa mtu ambaye mwenyewe hana nidhamu. Mtoto wa aina hii hujifunza mambo mawili yanayopingana: kwamba sheria ni kali mno, na kwamba mwenye sheria haifuati. Hana kipimo cha kushika. Huishi akikisia hali ya baba ilivyo leo, na kukisia huko humla akili zake zote.

Kezilahabi anafunga riwaya kwa kuwafikisha baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, ambapo swali la nani alaumiwe linatolewa waziwazi. Mtoto anapewa fursa ya kumshtaki mzazi wake, jambo lililokuwa la kijasiri mwaka 1971 na ambalo bado ni zito kwetu tuliolelewa kuamini kwamba mzazi hakosei. Lakini mashtaka si tiba. Mwanafunzi aliye katika nyumba kama ya Zakaria akisoma mwisho wa Rosa, aliyejiua, anaweza kutoka na funzo baya kwamba mtoto wa mlevi njia yake ni moja. Mwalimu asimwache mwanafunzi hapo. Aonyeshe ni wapi katika hadithi mtu angeweza kuuliza, kusikiliza, kuingilia kati. Tukihesabu nafasi hizo, tutaona kwamba kilichomwangamiza Rosa ni pombe ya babaye pamoja na kimya cha watu waliomzunguka.

Mtoto anayebeba nyumba

Vitabu vilivyoteuliwa mwanzoni mwa muongo huu wa 2020 vimelirudia suala hili kwa jicho pana zaidi. Katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Yona alikuwa mwalimu, akazama katika ulevi, na Sara mkewe akauvumilia mpaka afya yake ikawa mbovu. Binti yao Neema, aliye na kazi na ndoa yake mjini, ndiye anayebeba gharama za matibabu ya mama huku mumewe, Bunju, akihisi kwamba nyumba yake inamezwa na nyumba ya wakwe.

Maswali ya mtihani humsifu Neema kwa uwajibikaji. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Neema ni mfano wa kifungua mimba aliyegeuka mzazi wa wazazi wake. Tunao wengi kama yeye madarasani: msichana anayefika shuleni ameshapika uji wa wadogo zake, ameficha pesa za unga chini ya godoro, amemfunika baba shuka. Mwalimu humsifu kwa kuwa mtulivu na mkomavu kuliko rika lake. Ukomavu wa aina hiyo mara nyingi umenunuliwa kwa utoto wake. Arege anatuonesha kwamba mzigo huo haushuki hata mtoto akiwa mtu mzima mwenye kitabu cha hundi.

Lipo jambo lingine zito zaidi katika tamthilia hii. Ulevi wa Yona unahusishwa na masimango ya wanakijiji: kwanza kwa kukosa mtoto, kisha kwa kupata mabinti. Wahakiki huliandika hili chini ya taasubi ya kiume, na wako sahihi. Lakini lisome tena ukiwa wewe ndiwe binti. Unaambiwa kwamba baba alikunywa kwa sababu wewe hukuzaliwa mvulana. Kuna mtoto gani anayeweza kubeba neno hilo? Watoto wa walevi, hata bila kuambiwa, hujiuliza kama wao ndio chanzo: ningalifaulu mtihani, nisingalidai karo, baba asingalikunywa. Hapa mwalimu hana budi kutenganisha mambo mawili. Masimango yalimwumiza Yona, na jamii iliyomsimanga ina hatia. Kuzaliwa kwa mabinti hakukumtia chupa mkononi.

Katika riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, Mrima anapozama katika ulevi, Mangwasha ndiye anayebaki na nyumba, kazi na mapambano ya jamii yake. Momanyi anatusaidia kuona kwamba pombe ina wenye faida nayo: mwanamume aliyelewa hadai ardhi wala haki. Isitoshe, Mrima hainuki kwa ubavu wake pekee; anapata watu wa kumshika mkono. Hili ni sahihi kuliko ile picha tuliyoizoea ya mlevi anayetubu asubuhi moja na kupona jioni. Uraibu ni ugonjwa unaohitaji matibabu, muda na watu, na kuanguka tena ni jambo la kawaida katika safari ya kupona.

Hata hivyo, jaribu jambo hili na wanafunzi wako. Waulize Mrima alilewa kwa nini, nao watajaza ukurasa. Kisha waulize majina ya watoto wake. Nilipojaribu, darasa zima lilinyamaza kabla ya msichana mmoja kusema, "Sayore na Kajewa." Hatukuwa tumewataja hata mara moja katika muhula mzima.

Mwendawazimu kama ishara

Maradhi ya akili yamepata nafasi ya pekee katika fasihi yetu. Mwendawazimu husema kweli ambayo wenye akili timamu wanaiogopa. Matuko Weye wa Kidagaa Kimemwozea ni mfano bora: askari wa zamani anayemkabili Mtemi kwa maneno ambayo hakuna mwingine anayethubutu kuyasema. Tunafundisha kwamba yeye ni kipaza sauti cha mwandishi, nasi hatukosei.

Lakini mhusika akishakuwa ishara, tunasahau kuwa ni mtu. Ni mara ngapi tumeuliza ni nani anayempikia Matuko Weye, nani anamfulia, nani anamtafuta usiku asiporudi? Aliyepigana vita akarudi akili zimevurugika anajulikana katika kila kijiji, na mara nyingi kuna mtoto anayetumwa sokoni kumrudisha nyumbani huku wenzake wakimfuata kwa nyimbo. Mtoto huyo hamwoni babaye kama ishara ya ukombozi wa fikra. Anaona baba yake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi tuache kufundisha ishara. Nasema tuifundishe ishara baada ya kumtambua mtu.

Lugha yetu darasani

Hapa ndipo tunapojeruhi bila kukusudia. Kichaa, mwehu, punguani, "huyu apelekwe Mathari": maneno haya hututoka tukieleza kitabu na hata tukikemea kelele. Hospitali ya Mathari ya Nairobi, iliyoanza 1910, imetibu watu kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini jina lake limegeuzwa tusi. Mwanafunzi ambaye mamaye alilazwa huko muhula uliopita husikia tusi hilo kwa masikio tofauti na yetu.

Sipendekezi tufute maneno ya mwandishi. Neno likiwa kinywani mwa mhusika, tulisome lilivyo, tuulize linatuambia nini kumhusu anayelisema. Lakini sauti ya mwalimu inapozungumza yenyewe, iseme mgonjwa wa akili, mraibu, mtu anayetibiwa. Huo ni uhakiki wa mtindo pia: mwanafunzi anajifunza kutofautisha msimamo wa mhusika, wa mwandishi na wa msomaji.

Tufanye nini?

Kwanza, tubadilishe maswali. Pamoja na lile la "fafanua athari za ulevi", tujaribu haya:

(a) Soma tena tukio la ulevi ulilolichagua. Lisimulie upya kwa nafsi ya kwanza ukiwa mtoto wa mhusika huyo.
(b) Ni mhusika gani anayemfaa mtoto mzazi anapolemewa? Anafanya nini hasa?
(c) Taja mahali pawili ambapo jirani, ndugu au mwalimu angeweza kuingilia kati lakini hakufanya hivyo.
(d) "Neema anastahili kusaidiwa, si kusifiwa tu." Jadili ukirejelea Bembea ya Maisha.

Maswali haya hayampotezei mwanafunzi alama za Karatasi ya Tatu. Yanamlazimu kurudi kwenye matini badala ya kukariri mwongozo.

Pili, tuchukue hadhari. Usiulize darasani nani ana mzazi mlevi. Usimsomee mwanafunzi insha yake mbele ya wenzake kabla ya kumwomba ruhusa, hata ikiwa nzuri namna gani. Usimlazimishe kukuambia lolote. Swali (a) hapo juu lifanywe kwa jina la mhusika, ili mwenye la kusema apate pazia la kulisemea.

Tatu, mtoto akikufungulia moyo, msikilize bila kumtukana mzazi wake. Mtoto anaweza kumwogopa baba na kumpenda kwa wakati mmoja, na ukimtusi baba, mtoto atageuka kumtetea na hatarudi kwako. Mwambie mambo matatu kwa maneno mepesi: hukusababisha hali hii, huwezi kuizuia kwa kuwa mtoto mwema zaidi, na si kazi yako kuitibu. Kisha mpe kilicho mkononi mwako, kama vile muda wa ziada wa kumaliza kazi, mahali patulivu pa kusomea baada ya vipindi, na swali dogo la kila Jumatatu: umelalaje?

Nne, usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Ikiwa anapigwa, halishwi, anatendewa uovu au anazungumzia kujidhuru, mweleze kwa upole kwamba utawahusisha watu wa kumlinda, kisha ufanye hivyo: mwalimu wa ushauri nasaha, mwalimu mkuu, afisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 iko upande wa mtoto huyo. Nambari 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo, na kwa masuala ya uraibu kuna 1192 ya NACADA. Ziandike kwenye ubao wa matangazo ambapo kila mwanafunzi anapita, ili asiwepo wa kuonekana akizinakili peke yake.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba kazi ya mwalimu wa Kiswahili ni fasihi, mengine ni ya idara ya ushauri. Ninawaelewa, silabasi ni ndefu, na mtihani haungoji. Lakini fasihi ndilo somo pekee katika ratiba ambalo humfikisha mlevi darasani, likamweka mbele ya mtoto wake, kisha likamtaka mtoto huyo aorodheshe sifa zake. Tukishafanya hivyo, hatuwezi kujifanya hatuhusiki.

Kijana wa karibu na dirisha alimaliza shule. Hakuwahi kunizungumzia insha ile, nami sikumlazimisha. Siku yake ya mwisho shuleni nilimwomba radhi kwa ule mwendo wa Majisifu. Alitabasamu, akaniambia, "Mwalimu, uliuigiza vizuri. Hata baba huegemea ukuta hivyo hivyo." Sijauigiza tena. Kila ninapofika mahali pale katika kitabu, huwauliza wanafunzi wafunge macho, wauingie mlango wa nyumba ya Majisifu, waniambie wanawaona watoto wakifanya nini.